Anayejikinga Anaondoka

Mwanangu wa kwanza ni mkuu wa kitengo katika kampuni ya bima, na habari njema akiileta nyumbani kwangu huileta kama mtu anayeingiza kabati: sharti sote tusogee ndipo ipite. Jumamosi ile alisogeza meza, akasogeza viatu vya watu mlangoni, akaketi katikati ya kochi na kutangaza kwamba mpwa wake amepata kazi.

Mpwa mwenyewe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Jina lake la kuzaliwa halitumiki humu ndani. Tangu alipojifunza kusema hakunyamaza, tukamwita Chiriku, na Chiriku amebaki hadi leo. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi katika mji mwingine. Mtoto huyu wa kike nimemlea mimi, tangu darasa la kwanza mpaka alipomaliza chuo.

"Chiriku!" mjomba wake aliita. "Njoo usikie mambo ya watu wazima."

"Nasikia kutoka huku, mjomba. Hata jirani anasikia."

"Si Jumatatu hii wala ile inayofuata; ile ya tatu ndiyo unaanza kazi ofisini kwetu. Mapokezi ya madai. Dawati lako, kiti chako, kompyuta yako."

"Kompyuta ninayo."

"Ile ya kuchezea?"

"Ile ya kuandikia."

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wa siku nyingi. Chiriku huandika habari za michezo ya video, ambayo wenyewe huiita gemu. Haandiki maelekezo ya kuicheza. Huandika imetengenezwaje, nani anaicheza, inamfanya nini mchezaji, na wapi inamdanganya. Kwa muda wa miaka miwili jarida moja kubwa la mtandaoni lilikuwa likichapisha tathmini zake. Alijiita mwandishi wa kujitegemea, maneno ambayo mjomba wake aliyatamka kama jina la ugonjwa. Mhariri wa jarida lile hakumlipa chochote isipokuwa kile alichokiita nafasi ya kuonekana. Mimi nimefundisha shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikupata kuona mtu akienda sokoni na nafasi ya kuonekana akarudi na kitunguu.

"Mama," mwanangu alinigeukia, "mwambie. Ni wewe tu anayekuogopa."

"Haniogopi. Ananiheshimu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniogopa."

Chiriku alicheka huko jikoni hadi sahani ikamponyoka.

Nilitafakari kidogo kabla ya kutoa neno, kwa kuwa neno nikishalitoa silirudishi. Kazi ya ofisi haikuwa kitu cha kudharauliwa. Wala sikuona aibu yoyote katika kazi ya kuandika, hata iwe ni kuandika habari za mashujaa wanaorukaruka ndani ya runinga. Nilichokionea aibu ni jasho la mjukuu wangu kugawiwa bure kwa watu wenye ofisi na viyoyozi. Kwa hiyo nilisema hivi: hadi Ijumaa ya wiki ya pili, Chiriku awe amepata mhariri mmoja wa kumlipa kwa makala moja. Akimpata, ataendelea na kazi yake na hakuna atakayemsumbua. Asipompata, atatia sahihi barua ya mjomba wake siku hiyo hiyo na Jumatatu ataamkia kwenye madai.

Chiriku alitokea mlangoni, povu limemfika kwenye viwiko.

"Nimekubali," alisema. "Lakini mjomba, nikipata, bahasha hiyo usiilete tena. Hata nikiwa naugua."

"Ukiugua utahitaji bima," alijibu mjomba wake, na nusura nicheke.

*

Wiki ya kwanza ilikwenda arijojo. Chiriku aliwaandikia wahariri mapendekezo ya makala kuhusu gemu zilizokuwa midomoni mwa kila mtu, zenye matangazo hadi kwenye mabasi. Wengine hawakujibu. Waliojibu walijibu kwa adabu ileile: tathmini hiyo tumekwisha kumpa mwandishi wetu wa ndani. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba majarida makubwa hupewa gemu na watengenezaji kabla hazijaanza kuuzwa. Hadi Chiriku aipate kwa kuazima, ulimwengu umekwisha kuimaliza na kuisahau. Alikuwa akipeleka maji mtoni, tena kwa kikombe cha kuazima.

Nilimwomba moja ya makala zilizokataliwa, nikaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho nikiwa na kalamu mkononi. Alisimama mbele yangu akijifanya anakunja nguo.

"Imeandikwa vizuri," nilisema. "Na mtu mwingine yeyote angeweza kuiandika vizuri vilevile."

"Bibi, hiyo ni sifa au tusi?"

"Ni tathmini."

Alikunja shati moja mara tatu. Hakunijibu tena hadi chakula cha mchana, jambo ambalo kwa Chiriku ni sawa na kufunga mwezi mzima.

Jumatano ya wiki ya pili, alasiri, mama yake alipiga simu yangu kwa sababu ya mwanawe ilikuwa imezimwa. Nilijua alipo. Nikavaa viatu nikaenda kumwita kwenye banda la gemu lililo nyuma ya mtaa wetu, mahali nilipopita mara nyingi bila kugeuza shingo.

Ni chumba chembamba kirefu chenye paa la bati, kimebanwa kati ya duka la kinyozi na ghala la magodoro. Ukutani zimepangwa runinga za zamani zenye visogo vikubwa, na mbele ya kila runinga pana benchi la mbao. Hewa ilinukia risasi iliyoyeyushwa ya kuungia waya na poda ya baada ya kunyoa, kwa sababu ukuta wa upande wa kinyozi haukufika juu. Mwenye banda ni mama wa makamo anayeitwa Fundi, na alikuwa kwenye kona yake, miwani ya kukuza imepandishwa kwenye paji la uso, akichokonoa tumbo la pedi iliyofunguliwa. Pedi ndicho kile kidude chenye vitufe ambacho wachezaji hushika kwa mikono miwili. Juu ya kichwa chake palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: ANAYEJIKINGA ANAONDOKA.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Leo umekuja kucheza?"

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mtu. Maneno yale pale yana maana gani?"

"Hayo ni sheria ya nyumba." Alininyooshea pedi. "Gusa hapa juu, kulia. Hicho ndicho kitufe cha kujikinga. Katika gemu yetu ya ngumi, mtu akiona anapigwa hukibonyeza, basi ngumi haimwingii. Sasa binadamu akiogopa anakikamata kama mtu aliyening'inia kwenye lori. Kinakufa kabla ya vingine vyote. Kipya hakiuzwi peke yake, sharti ununue pedi nzima. Nikaona hapana. Humu hapana kujikinga. Ukibonyeza, unampisha mwenzako."

"Na watu wanakubali?"

"Walinuna. Kisha wakazoea kukwepa. Wanapiga hatua pembeni, wanainama, wanamwingia mtu kabla mkono wake haujanyooka. Waliokulia humu hata hawajui kile kitufe kina kazi gani."

Niliwatazama. Chiriku alikuwa kwenye benchi la mbele akicheza na mtu aliyekuwa akimcheka. Watu wao wa ndani ya runinga walikuwa wakizungukana kama wacheza ngoma, kila pigo likipita kando ya sikio. Sikuelewa nani ni nani. Nilielewa kwamba hakuna aliyerudi nyuma.

Hapo mlango ulisukumwa, akaingia kinyozi wa jirani na taulo begani, mashine ya kunyolea ingali mkononi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu hana haja, kwa sababu kichwani hana hata unywele mmoja. Nyuma yake alikuja mteja mwenye shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ni msitu.

"Wamenifukuza!" kinyozi alisema. "Jamani, wamenifukuza mashindanoni!"

"Kaka, na kichwa changu?" mteja aliuliza.

"Subiri, nimefukuzwa!"

"Umefukuzwa wewe. Nywele zangu zimefukuzwa na nani?"

Banda zima liliangua kicheko, kisha likanyamaza, kwa sababu kinyozi hakucheka. Fundi alinieleza kwa sauti ya chini. Yalikuwa mashindano makubwa ya gemu ileile, yanayochezwa kwa njia ya mtandao, kila mtu alipo. Kinyozi alikuwa akicheza kutoka pale bandani baada ya kufunga duka, na alikuwa amewaangusha wachezaji wenye majina, wanaojulikana hata na watu wasiomjua jirani yao.

Chiriku alichukua simu ya kinyozi, akausoma ujumbe wa waandaaji kwa sauti. Ulisema kwamba mfumo wao umechunguza mechi zake zote na kuona kwamba hakubonyeza kitufe cha kujikinga hata mara moja. Hakuna binadamu anayecheza hivyo. Kwa hiyo ameonekana anatumia programu ya kumchezea, na ameondolewa.

"Wameniita mashine," alisema kinyozi. "Mimi!"

"Wangekuona unavyonyoa polepole wasingesema hivyo," alisema mteja.

Nilimtazama mjukuu wangu. Aliwasha simu yake, akaiweka juu ya benchi irekodi, akamwambia kinyozi aketi. Nilikuwa sijapata kumwona akifanya kazi. Nilikuwa nimeyaona matokeo ya kazi tu, kwenye karatasi.

"Nani alikufundisha kucheza?"

"Si hapa hapa? Wewe mwenyewe ulinipiga mwaka juzi."

"Usinitaje mimi. Umewahi kubonyeza kitufe kile? Hata ukiwa nyumbani kwa mtu?"

"Nilikibonyeza mara moja kwa shemeji. Nilijiona kama nimejificha chini ya kitanda."

"Waliokufukuza wamekuuliza lolote kabla ya kuamua?"

"Wataniulizaje? Mashine haiulizwi."

Alimwomba Fundi kikapu cha pedi zilizokufa, akakagua moja baada ya nyingine, na kila iliyokuwa ya kabla ya sheria ilikuwa imekufa palepale, juu kulia. Alikaa akacheza na kinyozi huku mteja akipiga picha ya mikono yao. Alipigwa vibaya, akasema, "Tena." Akapigwa tena. Aliwaandikia waandaaji palepale, akiwaeleza yeye ni nani, anaandika nini, na anataka kusikia upande wao kabla hajaandika.

"Na mimi nihojini," alisema mteja. "Nina uchungu."

"Uchungu wa nini?"

"Nimesimama na nusu kichwa mbele ya mwalimu."

Simu ya binti yangu ilikuwa imekatika zamani. Tuliporudi nyumbani Chiriku alitembea haraka mno, akawa anasimama kunisubiri.

"Bibi, nimekaa mle tangu niko sekondari. Nilikuwa nawaandikia wahariri habari za watu wa mbali, na hawa nilikuwa nao benchi moja."

"Penye miti hapana wajenzi."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Tembea, mtu asikutangulie."

*

Alhamisi asubuhi waandaaji walimjibu kwa sentensi mbili. Mfumo wetu haukosei. Uamuzi ni wa mwisho. Chiriku alifurahi kama mtu aliyetumiwa zawadi, nami nikaanza kuelewa kidogo furaha ya watu wa kazi yake.

Pendekezo la makala alikuwa amelipeleka usiku kwa mhariri wake wa zamani, wa lile jarida kubwa. Ni ada ya moyo kurudi ulikozoea hata kama hukuketishwa. Kabla ya adhuhuri mhariri alipiga simu. Simu ya Chiriku haisikiki ila kwa kipaza sauti, hivyo mimi niliyekuwa mezani nikichambua mchele nilisikia yote bila kudukua.

"Dada! Hii ni moto! Kinyozi anaitwa mashine! Niletee yote leo jioni, naiweka ukurasa wa mbele."

"Asante, mhariri. Malipo yakoje?"

Kilisikika kiti kikilia.

"Malipo? Dada, hali unaijua. Kwa waandishi wa nje fungu hakuna kwa sasa. Lakini fikiria watu watakaoliona jina lako!"

"Wameliona miaka miwili. Wameshalikariri. Sasa nataka lilipiwe."

"Usiwe hivyo. Sisi ni familia."

"Familia yangu iko hapa inachambua mchele, na hata yenyewe imenipa siku ya mwisho."

"Kweli," nilisema.

"Nani huyo?"

"Mwenye nyumba," nikajibu.

Alicheka kidogo, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayefunga droo. "Sikiliza. Habari haina mwenyewe. Nikitaka, namtuma mwandishi wangu leo hii aje aiandike, na ana mshahara tayari."

Niliacha mchele. Hilo lilikuwa tishio la kweli, na Chiriku alikuwa na siku moja tu.

"Mtume," alisema. "Banda halina kibao barabarani, lakini ataulizia. Akifika asisimame mlangoni na kamera, hawatamjibu. Akae kwenye benchi acheze nao. Na akigusa kitufe cha juu kulia watamtoa nje, hata awe na mshahara kiasi gani."

"Unajifungia mlango, dada."

"Mlango gani? Miaka miwili niko barazani."

Alikata simu yeye. Kisha alikwenda akaosha kikombe kilichokuwa safi, akakiosha tena.

"Nimeharibu, bibi?"

"Umejibu. Kuharibu ni jambo jingine. Sasa mpelekee mwingine, kabla huyo mwenye mshahara hajavaa soksi."

Alikuwapo mwingine. Lilikuwa jarida dogo linaloendeshwa kwa michango ya wasomaji wake, na kiwango cha malipo ya waandishi kimeandikwa waziwazi kwenye ukurasa wao, kila mtu akione.

"Mbona hukuanza na hawa?" nilimuuliza.

"Niliwaogopa. Hawa wanalipa, kwa hiyo wanachagua."

Aliandika pendekezo upya, fupi kuliko la kwanza, akanipa nilisome. Nilikata sentensi moja ya kujisifu. Alisononeka, akalituma.

*

Ijumaa mjomba wake alifika kutoka kazini, tai imelegezwa, bahasha kwapani. Niliweka chai mezani. Aliketi katikati ya kochi kama kawaida yake, akanywa, akafuta midomo.

"Haya, Chiriku. Umepata wa kukulipa?"

"Bado, mjomba. Lakini jua halijazama."

"Jua?" Alitoa barua, akailaza mezani, akaiweka kalamu juu yake. "Mimi sina ugomvi na jua. Tia sahihi hapa, na hapa. Utakuja kunishukuru. Mtu hawezi kula gemu."

"Na madai yanaliwa?"

"Yanalipa umeme wa hiyo kompyuta."

Hilo lilikuwa kweli. Chiriku alikuwa bado amesimama hapo simu ilipolia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu asiyependa salamu ndefu. Alisema yeye ni mhariri wa lile jarida dogo, amelisoma pendekezo, anaitaka makala na wanalipa kiwango kilichoandikwa. Mwanangu aliweka kikombe chini.

"Ila mwanzo tubadilishe," mhariri aliendelea. "Anza na umaskini. Mabati, waya zilizofungwa kwa plasta, kikapu cha pedi mbovu. Watu wasio na kitu ambao hata hivyo wameshinda. Msomaji anapenda kuguswa."

"Sitaanza hapo," alisema Chiriku.

Mjomba wake alifungua mikono kama mtu aliyeona gari likigonga mti.

"Kwa nini?" mhariri aliuliza.

"Kwa sababu sivyo ilivyokuwa. Pedi mbovu zilikuwa mwanzo tu. Hawa watu wamebuni namna yao ya kucheza, na ni nzuri kiasi kwamba waliotengeneza mashindano hawakuamini kuwa ni ya binadamu. Hiyo ndiyo habari. Nikianza na mabati, msomaji atawahurumia. Na mtu anayehurumiwa, hakuna anayemuuliza alishindaje."

"Na nikikwambia bila hayo siichukui?"

Chiriku alinitazama mimi, wala si mjomba wake. Alijua kwamba sivunji sharti nililoliweka mwenyewe. Jua likizama bila mhariri, ningemnyooshea ile kalamu kwa mkono wangu, na asingepata kwangu pa kukimbilia. Sikutikisa kichwa. Sikumsaidia.

"Nitaipeleka kwingine," alisema. "Nitasikitika, maana ninyi mnalipa. Lakini nitaipeleka."

"Nipe muda niisome tena," alisema mhariri, akakata.

Mwanangu alisimama. "Umekataa hela! Mbele ya macho yangu! Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Simu ile haina siri."

"Mtu anapewa chakula, anauliza rangi ya sahani!"

"Sikuuliza rangi ya sahani, mjomba. Nimekataa kuwauza watu walioniketisha."

"Watu gani? Kinyozi?"

"Kinyozi. Na Fundi. Na mimi mwenyewe, maana nami nimejifunza kucheza mlemle. Nikianza na mabati, najiandika hivyo na mimi."

"Tia sahihi, Chiriku."

"Nitatia jua likizama. Hilo nilikubali. Lakini maneno yale siyarudishi hata nikiwa kwenye dawati lako, nakwambia mapema ili usije ukasema ulipelekewa mtu mwingine."

Tukakaa. Mwanga ulipanda kwenye ukuta hadi kwenye fremu ya picha ya marehemu mume wangu, ukaipita. Bomba la jirani lilikuwa likidondoka ndani ya ndoo. Mwanangu alikunywa chai yake ikiwa imekwisha kupoa, akaanza kusema jambo kuhusu usafiri wa wafanyakazi, akaliacha katikati. Nilikuwa mkali kwa watoto wa watu kwa miaka mingi, na sikupata kuona ukali kuwa mzito kama saa ile, kwa maana nilikuwa nimeuweka juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa sahihi. Hata hivyo sikuuondoa. Angelikuwa amesamehewa, asingelikuwa ameshinda.

Simu ilitetemeka mezani. Chiriku aliusoma ujumbe kimya, kisha akausoma kwa sauti.

"Nimesoma tena. Anza na kinyozi. Mabati yakae ndani ikiwa yana kazi, yasipokuwa na kazi yatoke. Malipo ni nusu tukipokea, nusu tukichapisha. Naitaka Jumatatu saa mbili asubuhi."

Hakuna aliyeruka. Chiriku aliketi tu, taratibu, kana kwamba kiti kingeweza kukataa.

"Jumatatu saa mbili," mwanangu alisema, "ndiyo saa unayotakiwa ofisini."

"Basi wamekuwahi, mjomba."

"Hapana. Hapana, mama. Tusidanganyane. Hiyo ni ahadi. Wewe ulisema alipwe. Hela iko wapi?"

"Na bahasha yako ina nini?" nilimuuliza.

"Barua ya ajira."

"Haina mshahara ndani?"

"Mama, mshahara unalipwa mwisho wa mwezi, mtu akishafanya kazi!"

"Kwa hiyo nawe umeleta ahadi ya kulipa baada ya kazi. Na mhariri ameleta ahadi ya kulipa baada ya kazi. Mimi nilitaka mhariri mmoja wa kumlipa kwa makala moja, na nimemsikia kwa masikio yangu. Tofauti ninayoiona ni kwamba wa kwake atalipa nusu mapema."

"Kampuni yetu ina ghorofa sita!"

"Sikuuliza ghorofa."

Mwanangu alikunja barua yake vizuri, kwa kuwa nilimfunza kutunza karatasi, akairudisha kwenye bahasha. Hakuwa amekubali. Alikuwa ameshindwa tu, na hayo ni mambo mawili.

"Mwezi ujao atafanyaje?" alisema. "Na mwezi wa baada yake? Kila mwezi atatafuta kinyozi aliyefukuzwa?"

"Ndiyo," alisema Chiriku. "Kutafuta ndiyo kazi yenyewe."

Alikuwa amekwisha kuvuta kompyuta mezani na kusukuma vikombe kando. Kwa mkono mmoja aliifungua, kwa mwingine alimpigia kinyozi, na sauti ya kinyozi ikajaza sebule pamoja na mngurumo wa mashine yake.

"Kesho mchana usinyoe mtu," alimwambia. "Nakuja tucheze tena, nataka kuona ule mkono wa kushoto."

"Nitakupiga."

"Nipige. Nitaandika."

"Tutaona," mjomba wake alisema, akiwa bado ameketi.

"Mtasoma," alijibu Chiriku bila kuinua macho. Alibonyeza kompyuta. Haikuwaka. Akafuata waya kwa vidole kutoka mezani, ukashuka sakafuni, ukapanda kwenye kochi, na plagi yake iliyochomoka ikapotelea chini ya suruali ya mkuu wa kitengo.

"Mjomba, samahani. Umekalia umeme wangu."

Mwanangu akainuka.